Uzi wa Bluu kwenye Mguu wa Dubu

Sehemu ya Kumi na Moja

Tulipoachana Ijumaa iliyopita, Renatha alikuwa ameshika kitasa cha mlango, na nyuma ya mlango huo aliketi mtu aliyemlaza mahabusu miezi saba.

Leo anausukuma.

Ofisi ya Jovinary ilikuwa ghorofani, juu ya duka lake la vitu vya kale katikati ya Nyamagana. Yeye mwenyewe aliketi nyuma ya meza ya kioo, shati jeupe, tabasamu limeandaliwa. Mbele yake alikuwa mzee Mhoja, Msukuma wa Magu aliyeishi Ujerumani miaka thelathini, na ambaye sasa ananunua midoli ya zamani kwa niaba ya matajiri wa huko wanaoikusanya.

Katikati yao, juu ya kitambaa cheupe, alikaa dubu.

"Huyu ndiye mtaalamu niliyekwambia," mzee Mhoja alimwambia Jovinary. "Sinunui kitu ambacho mikono yake haijakigusa. Karibu, Renatha."

Tabasamu la Jovinary lilibaki pale pale, ila uso uliolibeba ulikuwa umeshabadilika rangi.

Kwa aliyekosa matoleo ya nyuma, mambo yalikuwa hivi.

Miaka miwili iliyopita Renatha na Jovinary walikuwa na kibanda kimoja pale Igoma. Walinunua belo za midoli ya mitumba, wakaichambua, wakauza. Jovinary alijua kuuza. Renatha alijua kutambua. Katika midoli mia mbili ya sponji na nailoni, mkono wake ungeweza kumtoa mmoja aliyeshonwa kabla babu yake hajazaliwa, na huyo mmoja angeuzwa nje kwa bei ya belo nzima.

Siku moja Bibi Bernadeta, nesi mstaafu wa Kiseke, akawaletea dubu wake wamuuzie. Alipewa akiwa na miaka saba, na sista wa Kijerumani aliyekuwa anarudi kwao. Renatha alipomshika tu akajua huyo si wa belo. Huyo alikuwa na thamani ya kiwanja pamoja na nyumba juu yake.

Wiki haikuisha, dubu akapotea kutoka ndani ya sanduku lenye kufuli. Renatha alikuwa bado anapekua kibanda chini juu wakati Jovinary yuko kituoni, anaandikisha maelezo kwamba mwenzake ameiba.

Renatha akakaa miezi saba mahabusu kwa kukosa wadhamini. Kisha Jovinary akaacha kufika mahakamani, kesi ikafutwa. Katikati ya miezi hiyo mama yake Renatha, Kokulinda, alifariki. Mdogo wake Pius ndiye aliyeleta habari, wakatazamana kupitia wavu: mama kaanguka shambani Muleba, na wameshamzika. Siku ya Jumatano.

Alipotoka, Renatha alianza upya. Akauza mdoli mmoja mmoja kwa simu, akajenga jina, hadi mzee Mhoja akamwamini. Na mzee Mhoja alipomtumia picha ya dubu anayeuzwa Nyamagana, na jina la muuzaji, Renatha alijibu neno moja tu: nakuja.

Sasa turudi ofisini.

Jovinary alikuwa wa kwanza kusema.

"Mzee, mimi na huyu dada tunafahamiana," alisema huku akijirekebisha kitini. "Nisingependa kumsema mtu, lakini kwa biashara kubwa kama hii ni haki ukajua. Ana kesi ya wizi."

Mzee Mhoja aligeuka polepole. "Kesi ya wizi?"

"Alikaa ndani miezi saba."

"Wizi wa nini?"

Jovinary alifungua mdomo, akaufunga. Macho yake yalimtoroka, yakaenda moja kwa moja mezani, yakatua kwa dubu.

"Mwambie," Renatha alisema. Aliitoa sauti hiyo kwa upole aliojifunza mahabusu, upole wa mtu anayesubiri zamu yake. "Mzee amekuuliza. Niliiba nini?"

"Vitu vya dukani," Jovinary alisema. "Ni mambo ya zamani. Tuyaache."

"Tuyaache," Renatha alikubali, akavuta kiti.

Alitoa kitaulo kwenye begi, akafuta mikono kidole kimoja kimoja. Hakuwa na uhakika. Picha ilionyesha dubu kwa mbele tu, na dubu wa kiwanda kimoja wanaweza kufanana kama mayai. Alichokuwa anakitafuta kilikuwa kwenye wayo wa mguu wa kulia. Lakini hakuanzia hapo. Mtu akijua unachokitafuta, anakuwa na muda wa kutunga maneno.

Alianza na macho. Aliligusisha jicho la dubu kwenye mdomo wake wa chini.

"Lina ubaridi," alisema. "Hiki ni kioo. Plastiki haiwi hivi."

Akapekecha manyoya kati ya vidole. "Haya ni manyoya ya mbuzi, yamefumwa. Mzee, yalaze kwa kidole uone yanavyoinuka. Nailoni ingelala hapo hapo, ikang'aa kama wigi."

Akaminya tumbo la dubu karibu na sikio lake. Ndani kukakwaruza kama mtu anayekanyaga majani makavu.

"Kajazwa nyuzi za mbao. Hakuna sponji humu."

Akapitisha kidole mgongoni, kwenye kibiongo kidogo. Akanyoosha mikono ya dubu, ikafika magotini. Akafunua sikio la kushoto: kifungo cha chuma, kidogo kama punje ya dengu, kimeota kutu ukingoni. Akamlaza chali, kisha akamwinamisha, na tumboni kukatoka mngurumo mdogo, mkavu, kama mtu anayekohoa usingizini.

"Na sauti bado anayo," mzee Mhoja alisema taratibu.

"Anayo."

Ndipo akamgeuza miguu juu.

Wayo wa kulia ulikuwa umeshonwa. Lakini uzi ulikuwa wa kahawia.

Renatha alikuwa anautafuta wa bluu. Aliitazama mishono hiyo, na Jovinary akamtazama yeye akiitazama, na kwa mara ya kwanza tangu mlango ufunguliwe mtu yule akaegemea kiti chake kwa raha.

Kwa hiyo si yeye. Siku kumi na nne za kutolala vizuri, safari mbili za kwenda kituo cha polisi kumbembeleza Afande Chenge, yote kwa ajili ya dubu mwingine.

"Vipi?" Jovinary aliuliza. "Kuna tatizo, mtaalamu?"

Renatha aliusogeza mguu karibu na uso. Alikuwa ameinamisha kichwa, na pua yake ikamwambia kitu ambacho macho yalikuwa yamekikosa. Mguu wa kulia ulikuwa unanuka. Haukunuka uzee, wala kabati, wala dawa ya nondo. Ulinuka rangi ya viatu.

Akaitazama mishono upya. Miwili mbele, mmoja nyuma, fundo limefichwa ndani. Katika Kanda ya Ziwa nzima kulikuwa na mtu mmoja tu aliyekuwa anashona hivyo, na alishalala kaburini Muleba.

Kumbukumbu ikaja. Mama yake alikuja Igoma kumtembelea wiki ile dubu alipoletwa. Aliuona wayo umechanika, nyuzi za mbao zinachungulia. Akafungua kopo lake la sindano na kusema, mwanangu, huyu mtoto wa watu hawezi kuuzwa akiwa peku. Uzi aliokuwa nao ulikuwa umebaki baada ya kushona sare za shule. Wa bluu.

Jovinary hakujua kushona. Hajawahi kujua. Asingeweza kufumua mishono ile na kuirudishia. Alichoweza ni kuipaka rangi.

Renatha akainua kichwa. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa.

"Hakuna tatizo," alisema. "Mzee, dubu ni wa kweli. Ana zaidi ya miaka mia moja. Wa hali hii sijawahi kushika mwingine."

Jovinary alitoa pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Nilikwambia, mzee," alisema. Kisha, kwa kuwa mtu aliyeokoka hupenda kujionyesha, akaongeza: "Na wewe Renatha, nashukuru. Watu wengine wangeweka kinyongo."

"Kazi ni kazi," Renatha alisema. "Imebaki karatasi tu."

Karatasi hiyo mzee Mhoja alikuwa nayo tayari. Wanunuzi wake wa nje hawapokei mdoli asiye na historia iliyoandikwa na kusainiwa: ametoka wapi, kwa nani, lini, na kama amewahi kurekebishwa. Aliisogeza mezani pamoja na kalamu.

"Andika kwa mkono wako," mzee alisema.

"Ulimpata wapi?" Renatha aliuliza.

"Bukoba. Kwa mzee mmoja. Ameshafariki."

"Lini?"

"Kama miezi sita iliyopita."

"Kabla ya hapo hukuwahi kumwona?"

"Ningemwona wapi?" Jovinary alicheka kidogo, akiandika. "Miezi sita. Bukoba."

"Na huo mguu? Ulirekebishwa hapa Mwanza?"

"Hapana, nilimkuta hivyo hivyo. Ni uzi wa kiwandani huo."

"Una uhakika? Ukisaini umesaini. Wale wa nje wana mawakili."

Msomaji, hapo Renatha alikuwa amempa mlango wa kutokea. Mwenyewe alikiri baadaye kwamba hakumpa kwa huruma. Alitaka aupite akiwa anauona.

"Nina uhakika," Jovinary alisema, na akasaini.

Renatha aliisogeza karatasi kwa mzee Mhoja. Kisha akatoa begini chupa ndogo ya spiriti na kipande cha pamba.

"Cha mwisho," alisema. "Tunafuta vumbi."

Jovinary aliinuka nusu. "Usimwagie dawa mali yangu."

"Kaa chini," mzee Mhoja alisema, bila kupandisha sauti.

Pamba ilipita juu ya wayo mara moja, ikatoka na weusi. Ikapita mara ya pili, ikatoka kahawia. Mara ya tatu Renatha aliigandamiza na kusubiri, huku anamtazama Jovinary usoni, na alipoiondoa, mishono saba ya bluu ilikuwa imekaa pale, mibichi kama imeshonwa jana.

Chini dukani mtu alikuwa anaburuta kiti.

"Hiki kiwanda cha Ujerumani," Renatha alisema, "kilikuwa kinatumia uzi wa sare za shule zetu?"

"Mimi sijui mambo ya uzi."

"Unayajua. Uliyaandika." Alifungua mfuko wa begi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, pembe zimechakaa. "Mzee, hii ni nakala ya maelezo aliyoyatoa kituoni miaka miwili iliyopita, akinishitaki. Niliisoma kila siku kule ndani. Naijua kwa moyo, lakini nitaisoma ili nisipunje neno."

Akasoma.

"'Mali iliyoibwa ni mdoli aina ya dubu, rangi ya asali, macho ya kioo, kifungo cha chuma sikio la kushoto. Wayo wa mguu wa kulia umeshonwa kwa uzi wa bluu na mama mzazi wa mtuhumiwa, aitwaye Kokulinda, mbele yangu nikishuhudia.' Sahihi ni yako. Weka hapa na ile uliyoiweka sasa hivi."

Mzee Mhoja alivaa miwani. Alizisoma karatasi zote mbili, polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Alipomaliza alivua miwani na kumtazama Jovinary kwa muda mrefu.

"Miaka miwili iliyopita ulimwona kwa macho yako anashonwa," alisema. "Na miezi sita iliyopita ndiyo ulimwona mara ya kwanza."

"Mzee, hiyo ni fitina ya mwanamke."

"Herufi ni zako. Ile Y yako ina mkia."

Kilichofuata kilichukua muda mfupi kuliko utakavyotumia kukisoma.

Jovinary alimnyakua dubu. Mkono mwingine ukachukua mkasi uliokuwa kwenye kopo la kalamu. Renatha aliruka, akachelewa. Mkasi ukaingia wayoni, ukakata mishono, kwa haraka, bila kuangalia, ukachana na manyoya ya miaka mia moja pamoja nayo. Nyuzi za mbao zikamwagika juu ya kioo cha meza kama makapi.

Mzee Mhoja alitoa sauti ndogo, kama aliyechomwa yeye.

"Haya," Jovinary alisema, anahema. "Nionyesheni huo uzi. Uko wapi?"

"Uko mkononi mwako," sauti ya kiume ilisema kutoka mlangoni.

Afande Chenge alikuwa amesimama pale, hana sare, ana shati la maua na simu sikioni. Simu hiyo ilikuwa imeunganishwa na ya Renatha tangu alipopanda ngazi. Alikuwa amesikia kila neno akiwa kwenye kibanda cha chai kilichopo mlangoni mwa duka, na aliposikia habari ya zile sahihi mbili alikuwa amelipa chai yake na kuanza kupanda.

"Usiuachie," aliongeza. "Hicho sasa ni kidhibiti. Weka mkasi mezani. Taratibu."

Jovinary aliangalia kiganja chake. Vipande vya bluu vilikuwa vimemnasa katikati ya vidole.

Wiki mbili nzima Renatha alikuwa ameifikiria dakika hii. Alikuwa amejiambia kwamba atacheka, au atamtemea mate, au atalia. Hakufanya hata kimoja. Alipiga magoti chini ya meza, akaanza kuokota nyuzi za mbao na kuziweka kwenye kile kitambaa cheupe, kwa sababu zilikuwa za Bibi Bernadeta na hakutaka ipotee hata moja.

"Rena," Jovinary alisema. Hilo ndilo jina alilokuwa akimwita zamani, walipokuwa wanagawana chapati kibandani. "Rena, tuongee. Muuze mwenyewe. Pesa zichukue zote, mimi sitaki kitu."

"Si wangu, na si wako. Ni wa Bibi Bernadeta."

"Binti yangu ana kipaimara Jumapili hii. Atanitafuta kanisani."

Renatha alisimama, akajifuta magoti.

"Mama yangu alizikwa Jumatano," alisema. "Niliomba niende hata kaburini. Waliniambia hakuna gari."

"Sikujua kama atakufa."

Ilikuwa kauli ya ajabu kidogo, na Renatha angeikumbuka baadaye. Kwa wakati ule aliipita, kwa sababu kulikuwa na jambo alilokuwa amelihifadhi siku nyingi na alitaka litoke likiwa zima.

"Nikuelekeze," alimwambia, karibu kabisa, sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Ukifika, usilale karibu na choo. Watakupeleka huko, wewe ng'ang'ania ukutani. Siku tatu za kwanza usile harakaharaka, tumbo litakusumbua na foleni ni ndefu. Mwezi wa pili utaanza kusahau sauti za watu wa nyumbani. Usiogope, ni kawaida. Mwezi wa nne ndio mbaya."

"Mwezi wa nne kuna nini?"

"Utaona."

Afande Chenge alimshika bega, akamgeuza. Wakatoka. Mzee Mhoja alibaki ameketi, dubu aliyechanika mapajani mwake, mkono juu ya kichwa cha manyoya kama anamtuliza.

"Anashoneka?" aliuliza.

"Anashoneka. Bei itashuka, lakini Bibi Bernadeta mwenyewe ndiye wa kuamua. Kwanza dubu atakaa kituoni, ni ushahidi."

"Hukuniambia kwamba unamfahamu huyu bwana."

"Sikukwambia."

"Umenitumia kama chambo, binti."

Renatha alimtazama machoni. "Ndiyo, mzee. Nisamehe. Lakini kuhusu dubu sikukudanganya hata neno moja."

Mzee alilitafakari hilo. Mwisho akatikisa kichwa, si kwa hasira. "Hapana, hukudanganya. Nenda kapumzike. Mimi nitamsubiri afande arudi amchukue."

Renatha alichukua begi, akaanza kushuka. Alisubiri furaha ije. Alishuka ngazi tano, sita, bado haijaja. Kilichokuja kilikuwa ni njaa, na chini ya njaa hasira ile ile ya jana, imekaa mahali pake, haijapungua hata kidogo.

Kwenye kona ya ngazi alisimama Queen, mke wa Jovinary.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye suti ya kitenge na funguo za duka kiunoni. Mumewe alikuwa ametoka kupitishwa mbele yake, mbele ya wateja wake wawili na yule fundi saa wa jirani. Hakuwa analia. Alikuwa ameshika ukingo wa ngazi kwa mikono miwili, amezuia njia.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza. Nipishe, Queen. Na wewe sina ugomvi."

"Mimi ninao." Sauti yake ilikuwa ya chini, imebanwa. "Umemtoa mume wangu mbele za watu kama mwizi wa kuku. Sawa. Ameiba, nilijua. Nilikuwa nakuombea usijue, si kwa ajili yake, kwa ajili ya watoto. Lakini huwezi kushuka ngazi zangu umenyanyua shingo hivyo. Hizi ngazi, hapana."

"Zina nini ngazi zako?"

Queen aliangalia chini, kwenye miguu ya Renatha.

"Hapo uliposimama," alisema, "ndipo mama yako alipofia."

Renatha hakuelewa. Maneno aliyasikia moja moja, yakakataa kuungana.

"Mama alianguka shambani," alisema. "Muleba."

"Alianguka hapa. Alikuja kutoka kwenu na mkungu wa ndizi kichwani, akakaa pale mlangoni siku mbili. Hakula kitu. Kila Jovinary akipita anasimama, anamwomba afute kesi. Siku ya tatu Jovinary akampandisha ofisini. Akamwambia, toa ushahidi kwamba uliushona mguu ili mwanao amuuze dubu kwa siri, nami nitamwombea kifungo kifupi. Mama yako akamwambia hawezi kumzika mwanawe akiwa hai. Akaanza kushuka." Queen aliushika ukingo kwa nguvu zaidi. "Presha, walisema hospitali. Mimi ndiye niliyemfunika, kwa khanga yangu. Alikuwa bado ameshika ukingo, kama nilivyoshika mimi sasa."

"Unasema uongo ili uniumize."

"Nataka uumie, ndiyo. Lakini uongo sisemi." Alisogea karibu zaidi. "Jiulize mwili ulifikaje Muleba. Jovinary alikodi gari. Na kuna mtu alikuja kuuchukua, akasaini, akapewa bahasha ili kijijini waseme ni shambani. Baada ya mwezi alinunua pikipiki mbili. Unamjua. Mmenyonya ziwa moja."

Kisha akapisha. Alijibana ukutani, akamwachia njia nzima, kana kwamba sasa hakuwa na haja ya kumzuia.

Renatha alipita. Alipita katikati ya duka, katikati ya saa za ukutani na redio za mbao na vitanda vya shaba, akatoka juani. Mtaa ulikuwa umejaa. Bajaji zilipiga honi, mama muuza dagaa alimwambia asogee asije akalimwaga kapu lake. Akasogea hadi kwenye kivuli cha ukuta wa benki, akatoa simu.

Ile aliyompigia Afande Chenge ilikuwa bado inahesabu dakika. Akaikata. Akatafuta jina. Akapiga.

Iliita mara tatu.

"Shikamoo dada," Pius alisema. Nyuma yake pikipiki ilikuwa inanguruma, akaizima. Sauti yake ilikuwa ya furaha, ya siku zote. "Leo umenikumbuka. Habari za Mwanza?"

Renatha hakuitikia marahaba.

"Pius," alisema. "Mama alifia wapi?"

Alitarajia ashangae. Alitarajia aseme dada, unaumwa, si nilikwambia ni shambani, umepatwa na nini leo. Alikuwa tayari kumwamini. Angemwamini hapo hapo, angerudi ndani ya duka lile na kumwambia Queen ni mwongo mbele ya wateja wake.

Badala yake akasikia jogoo wa nyumbani kwao akiwika, jogoo wa uani kwa mama yake, na akasikia ndugu yake akihema.

"Dada," Pius alisema mwishowe, kwa sauti ndogo sana. "Nani amekwambia?"